Sauti Yangu Kwenye Kanda ya Bi Mize

Hakuna kitu duniani cha kunishangaza mie, Faki Kombo, ambaye Pemba nzima inaniita Faki Sauti. Miaka thelathini na saba nimekaa nyuma ya mashine za kurekodi pale Tibirinzi. Nimerekodi bwana arusi amesinzia kwenye spika. Nimerekodi mbuzi akitafuna waya wa maikrofoni na mwimbaji hakukatisha ubeti. Nimerekodi watu wawili wakioana, wakaachana, wakarudiana, na arusi zote mbili nililipwa. Mwezi uliopita nimefunga duka. Nguvu ninazo, meno ninayo, na nyinyi vijana mnaofungua studio kila kona ya Chake mmenitaka niwaandikie tulivyofanya kazi. Haya, naandika. Skuli niliishia darasa la tano, kwa hivyo msitafute mapambo.

Kazi nilifunzwa na Mzee Nassor, fundi redio. Wazee wake walikuwa na mashamba ya karafuu ambayo mtu alitembea nusu siku hajayamaliza. Yeye alibakiwa na bisibisi. Nilimwendea nina miaka kumi na sita, nikamwambia nataka kujifunza mashine. Akanipa penseli.

"Mzee, mie sikuja kuandika," nikamwambia.

"Nani kasema uandike? Tia penseli kwenye tundu la kanda, uzungushe. Ukiweza kuizungusha kanda bila ya kuikunja, ndio tutazungumza habari za mashine."

Wiki tatu nilizungusha kanda kwa penseli. Wiki ya nne nikapewa pamba na spiriti nisafishe hedi, kile kichuma kinachosoma kanda. Wiki ya tano nikaachiwa deki ya midomo miwili, ya kunakilia kanda kwa kanda, na siku hiyo hiyo nikarekodi taarabu juu ya darsa ya shehe wa msikitini kwetu. Shehe alikuja kesho yake alasiri, mpole kama kawaida yake.

"Faki mwanangu, nimewafungulia watu darsa ya Sura ya Yusufu, nimekuta mwanamke analia kwa kuachwa."

Mzee Nassor hakunipiga. Alinionesha vijino viwili vya plastiki nyuma ya kanda. "Kanda usiyotaka iguswe, ivunje meno. Isiyo na meno mashine haiwezi kuiandika tena." Tangu siku ile sikuharibu kanda ya mtu. Nyinyi wa leo mnabonyeza kitufe mnafuta kazi ya mwaka mzima, halafu mnasema kompyuta imegoma.

Alipofariki Mzee Nassor nilinunua deki zake kwa warithi na nikasimama peke yangu. Sikurithi kitu, sikukopa, hapana mjomba aliyenishika mkono. Ndani ya miaka miwili, arusi isiyokuwa na Faki Sauti ilionekana kama haikutangazwa vizuri.

Hapa lazima niwaeleze nyinyi mliozaliwa na simu mkononi jinsi mwimbaji alivyokuwa akila. Alikuwa akila kwa kutuzwa. Nyimbo ikimgusa mtu, huinuka na noti yake, huenda mbele polepole ili kila mmoja amwone, akampa mwimbaji mkononi, akarudi kiti chake kwa maringo. Anayetuza anasema kitu bila ya kufungua mdomo: huyu mume wangu ndiye aimbwaye, au yule jirani pale kapata jawabu yake. Mwimbaji mzuri akirudi kwao na noti kwenye kanga, na mwenye arusi hakuwa na deni naye. Tukiona mambo yamekamilika.

Mie nilikuja nikaitoa nyimbo ukumbini nikaitia kwenye kanda. Mtu akaisikiliza kwake, amelala, anakula muhogo. Nyimbo ikimgusa, amtuze nani? Wakati huo sikulifikiri hilo hata kidogo. Nilifikiri bei ya betri.

Basi kulikuwa na arusi Mgogoni, na kikundi cha wanawake wa huko huko kikaimba, na mbele yao Bi Mize. Kwa siku za kazi alikuwa mkulima wa mpunga na muhogo. Kwa siku za arusi alikuwa na koo ambalo maikrofoni zangu zilikuwa zikiliogopa. Alisimama akaimba nyimbo aliyoitunga mwenyewe, ya mume aliyekuwa na tabia ya kusahau nyumba yake:

*Kuku wangu nimemlea,*
*mtama nikimtupia,*
*yai kenda kulitia*
*uani kwa jirani.*

Ukumbi uliinuka. Watu walituza mpaka noti zikawa zinaanguka. Na mie nilikuwa nayo yote kwenye kanda, safi, bila ya mkwaruzo.

Ruhusa niliomba, msije mkaniona mwizi. Ila niliiomba kwa mwenye arusi. Yeye ndiye aliyepika pilau, yeye ndiye aliyelipa jenereta, nikaona kila kilicholia pale ni chake. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona ajabu. Mwenye arusi alisema, "Rekodi Faki, rekodi, na mie unitajetaje." Bi Mize alikuwa hatua nne kutoka pale anakunywa maji. Sikumuuliza.

Nyimbo ile ilinifanya mtu. Kwa sababu Wete na Mkoani kulikuwa na wezi wa kanda wakinunua kanda yangu moja na kuzalisha mia, nilibuni mambo mawili. La kwanza, kila kanda niliitia nambari kwa wino kwenye karatasi yake, na nikaandika kwenye daftari. La pili, mwanzo wa kila kanda nilitia sauti yangu mwenyewe. Ya Bi Mize ilisema hivi: "Hii ni kazi ya Faki Sauti wa Tibirinzi. Mpo Mgogoni, arusini. Mwimbaji na mtunzi ni Bi Mize. Ukisikia nyimbo hii bila ya sauti hii, umeuziwa maji." Watoto wakiyajua maneno hayo kuliko nyimbo yenyewe. Kuna mwaka nilipita Gando, mtoto wa miaka minne akayasoma yote, na kikohozi changu akakohoa mahala pake.

Kanda zikaja zikafa, zikaja siidii. Siidii zikafa, zikaja flashi, mpaka leo mna simu. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hakuna msomi aliyenifunza. Alikuja Haji, muuza samaki wa Gando, na kanda yangu mkononi, imechoka kama yeye.

"Faki, hii nyimbo ya kuku nilinunua kanda kwako. Redio ikafa, nikanunua siidii. Sasa hata hiyo siidii hakuna pa kuitia. Mwataka ninunue mara ya tatu? Kwani kuku huyu ataga mangapi?"

Nilitazama nambari yake kwenye daftari: mia sita na kumi na nne. Nikamwambia, "Haji, weye ulikwishalipa. Ulichonunua ni nyimbo, si plastiki. Lete simu yako." Nikamtilia bure. Nikaandika kwa chaki mlangoni: MWENYE KANDA YANGU YENYE NAMBARI ATATILIWA KWENYE SIMU BILA MALIPO. Wenzangu wa Chake walinicheka, wakasema nimetiwa wazimu. Mie nikapata wateja hata wa kutoka Micheweni, na kila aliyekuja kutiliwa moja ya bure alinunua tatu za kulipia. Haki ya mnunuzi ina faida yake mkiijua.

Sasa ndio nije kwenye kesi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Bi Mize alikuja dukani asubuhi moja. Sikuwahi kumwona dukani kwangu miaka yote hiyo. Alikuwa ameshazeeka, anatembea kwa kupumzika, lakini sauti ni ile ile. Alipotoa salamu, kioo cha dirisha kililia. Alinipa simu ya mjukuu wake.

"Nisomee hapo, Faki. Mie macho yashakwenda zake."

Mjukuu alikuwa amempiga video bibi yake anaimba nyimbo ya kuku barazani, akaitia mtandaoni jamaa waione. Video ilikuwa haina sauti. Bi Mize anafungua mdomo, hakuna kinachotoka. Chini yake maandishi: sauti imeondolewa, nyimbo hii ni mali ya kampuni fulani, aliyeitia hana haki nayo.

Nikasoma. Nikarudia. Nimesema hakuna cha kunishangaza, na nasimama na neno langu, lakini kwa haki ya Mungu nilikaa chini.

"Wasema nini?" akauliza.

"Wasema umeiba nyimbo, Bi Mize."

"Nyimbo gani?"

"Yako."

Alicheka mpaka akashika mlango. Halafu kicheko kikaisha chote kwa mara moja. "Faki, mie nakaribia safari. Sina shamba la maana, sina nyumba ya mawe. Nina kuku huyu. Nife, watu waseme Mize wa Mgogoni aliimba nyimbo ya wenyewe?"

Nilitafuta nikajua kisa. Kampuni moja ya mjini huko bara ilimpata msichana mwenye sauti nzuri, akaimba nyimbo ile ile kwa vinanda vipya, wakaiandikisha kuwa yao. Ilikuwa inalia mahotelini, madukani na arusini. Msichana simlaumu, alidhani ni nyimbo ya zamani isiyo na mwenyewe. Ni kweli haikuwa na karatasi. Bi Mize hakuwahi kuandika ubeti hata mmoja, kwa sababu hajui kuandika.

Lakini mie ninayo kanda mama, ile niliyozalishia nyingine zote. Nimeiweka kwenye debe la biskuti pamoja na karafuu kavu ili isiliwe na ukungu, meno nimeyavunja. Nikamwambia, "Bi Mize, nenda kapumzike. Umemkuta Faki."

Tulipeleka malalamiko, tukaitwa ofisini Chake, mbele ya Bi Raya, mwanasheria kijana anayeshughulikia mambo ya hakimiliki. Kampuni ilimleta bwana mmoja amevaa tai, na joto lile. Haji wa Gando naye alikuja, na nyuma yake watu kama thelathini wamejaa ukumbini na barazani, kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba mwenye nyimbo ya kuku kwenye simu atatozwa faini.

Niliweka deki yangu mezani, nikasafisha hedi mbele yao kwa pamba na spiriti, nikabonyeza. Sauti yangu ikatoka, ya ujana, kali: *Mwimbaji na mtunzi ni Bi Mize.* Halafu yeye mwenyewe akaanza, na vigelegele vya Mgogoni vya siku ile, na mwenye arusi anasikika nyuma anapiga makelele kuhusu pilau. Wanawake watatu waliokuwa barazani walizitambua sauti zao. Mmoja alilia.

Bwana wa tai hakuwa mjinga. Alitabasamu.

"Mzee Faki, kazi nzuri sana. Kanda hii uliiuza?"

Vijana, sikilizeni. Mie ni mtu ambaye ukiniuliza kazi yangu siwezi kukujibu kidogo. "Niliiuza?" nikasema. "Pemba hakuna nyumba haikuingia! Kanda elfu mbili, mia tano, arobaini na tisa, zote na nambari, na daftari ninalo hapa!" Nikalipiga daftari juu ya meza, vumbi likaruka.

"Na Bi Mize alikupa idhini?"

Nilifungua mdomo nikawa kama ile video.

"Kwa hivyo," bwana wa tai akamwambia Bi Raya, "shahidi wao ndiye wa kwanza kumwibia. Na watu hawa wote wana mali ya wizi majumbani."

Barazani pakachafuka. Haji akapaza sauti: "Mwizi nani? Mie nilitoa pesa zangu za samaki! Ikiwa kuna wizi, mie naujuaje?"

Ningeweza kusema mwenye arusi aliniruhusu, naye sasa ni marehemu, hawezi kubisha. Ningeweza kuchukua deki yangu na debe langu nikarudi Tibirinzi, na daftari nikalitia moto. Nilimtazama Bi Mize. Hakuwa ananitazama mie. Alikuwa anatazama kanda inavyozunguka.

Nikasimama. Nikasema maneno ambayo Bi Raya baadaye aliniomba niyarudie ayaandike, na mie darasa la tano. Nikasema: "Mama, hapa kuna watu watatu, msituchanganye. Haji kanunua, katoa pesa yake kwa nia safi, asikilize kwake mpaka masikio yachoke. Akibadilisha redio, akibadilisha simu, nyimbo ni yake ya kusikiliza. Asiguswe. Huyu bwana anaipigisha mahotelini na madukani, anapata pesa juu ya nyimbo. Huyo amlipe mwenyewe na jina lake alitaje. Wa tatu ni mie. Mie nilichukua pesa za Haji, na humo ndani mlikuwa na fungu la Bi Mize ambalo sikumpa. Deni liko kwangu. Haliko kwa Haji. Liandikeni hivyo, nitie sahihi."

Bi Raya akaandika, nikatia sahihi yangu.

Bi Raya alikaa na makaratasi yake, akatuita tena wiki ya pili yake. Kampuni iliondoa dai lake na ikakubali kuandika *Mtunzi: Bi Mize wa Mgogoni* kila inapolia, na kumpa fungu lake la kila panapolia kwa biashara. Msichana yule alikuja mwenyewe kumpa mkono bibi. Video ya barazani ikarudishiwa sauti. Wasikilizaji wa majumbani hawakuguswa. Nilipotoka nje nilibebwa, na mie si mwepesi.

Likabaki langu. Bi Raya akamuuliza Bi Mize anataka nini kutoka kwangu.

"Mia tano kwa kila kanda," akasema. "Mie si mchoyo."

"Nitakuletea kesho, kwenye bahasha," nikamwambia.

"Bahasha?" Alinikazia macho. "Faki, kwani mie maskini wa Ijumaa hata nipewe kwa siri? Pesa ya mwimbaji hutuzwa. Utakuja Mgogoni, mbele za watu, nitaimba, na utaitoa noti moja moja."

Arusi ilikuwa ya mjukuu wake, alasiri, baada ya sala. Mgogoni kulijaa, na Haji alileta gari mbili za watu wa Gando. Nilivaa kanzu nyeupe na kofia ya viua aliyonishonea mke wangu. Noti nilizibadilisha benki: elfu kumi kumi mia moja na ishirini na saba, mbili za elfu mbili mbili, na sarafu moja ya mia tano. Bi Mize aliketi kwenye kiti, akashika maikrofoni. Ya kwangu, bila shaka.

Akaanza kuku. Nikainuka na noti ya kwanza, nikaenda polepole, nikampa, nikarudi. Nikainuka na ya pili. Kufika ya kumi watu walikuwa wanahesabu pamoja. Kufika ya thelathini beti zilikwisha, akaanza kutunga mpya papo hapo:

*Faki kaja na kanzu,*
*jasho lamtoka tanzu,*
*kaliuza kwa uzuzu,*
*leo arejesha yai.*

"Haya, Faki, ubeti huo wa kwako!" wakapiga makelele. "Usichoke, yai bado!"

Nyinyi mngeona aibu. Mie niliringa. Nilikwenda kwa mbwembwe, nikarudi kwa mbwembwe, nikageuka kwa kisigino. Mpiga fidla alibadilishana na mwenzake mara mbili. Kufika ya themanini magoti yalikuwa yananiomba radhi. Kufika ya mia, wanawake waliacha kunicheka wakaanza kunipigia vigelegele, na hakuna mwimbaji wala bwana arusi aliyewahi kupata vigelegele kama vile kisiwani hapa. Nilitoa zile za elfu mbili, nikatoa sarafu, nikaiweka kiganjani mwake. Akafumba vidole.

Muziki ukanyamaza. Bi Mize akasogeza maikrofoni mdomoni.

"Kila mwenye kanda ya Faki yenye nyimbo yangu, aliyeinunua kwa pesa yake, mie Mize nimemhalalishia, yeye na watoto wake, aisikilize kwa chombo chochote atakachopenda. Mwenyezi Mungu ni shahidi."

Haji wa Gando akajibu amina kabla ya shehe. Na mie nilisimama pale kati ya ukumbi, kanzu imeroa, mfuko mtupu, kichwa juu. Imenigharimu shilingi milioni moja, laki mbili, elfu sabini na nne na mia tano.